Nuhu Mbogo: Mwanamfalme Aliyekiacha Kiti



Mhariri aliniomba niandike maisha ya mmoja wa wazee waliotutangulia katika Uislamu wa Uganda. Nilikuwa na majina matatu kichwani, yote ya masheikh. Kisha nikaenda likizo nyumbani Bwera, na yaliyokuwa yakiningoja huko yakanichagulia mtu mwingine kabisa, ambaye hakuwa sheikh. Kwa hiyo mnivumilie, nitaanzia kwetu kabla sijafika Mengo.

Nyumba yetu ilikuwa bonde la Kilembe, juu kidogo ya mji wa Kasese, kando ya mto Nyamwamba. Mtu wa Kasese hahitaji kuelezwa mto ule. Mei 2013 ulifurika, ukaua watu na kubeba nyumba na madaraja, nasi tukasalimika. Mei 2020 ulirudi, ndani ya Ramadhan, wakati nchi nzima imefungiwa ndani kwa sababu ya korona. Mara hii ulivunja hata hospitali ya Kilembe, seuze nyumba ya fundi wa magari. Hatukupoteza mtu, alhamdulillah. Tulipoteza nyumba, mbuzi wanne, karakana ndogo ya baba na vifaa vyake vyote, na mparachichi alioupanda mwaka niliozaliwa. Kulipokucha, mahali pa sebule palikuwa na mawe makubwa kama matangi ya maji.

Tukahamia Bwera, kwa wajomba zangu, nao wakatumegea kipande cha ardhi. Kaka yangu anayebeba mizigo pale mpakani Mpondwe alijinyima mpaka akanunua matofali ya kutosha vyumba vitatu. Matofali hayo yako pale tangu wakati huo, yamepangwa vizuri, na majani yameota katikati yake. Baba hataki tujenge. Hasemi hataki, anasema tungoje kwanza. Kila Jumamosi anapanda taksi hadi Kasese, kisha bodaboda hadi Kilembe, anakaa juu ya mawe yale mpaka alasiri, akiwafukuza vijana wanaokuja kuyapasua wauze kokoto. Ana mfuko wa plastiki wenye picha za nyumba, barua ya mwenyekiti wa kijiji, na nakala za barua nne alizoiandikia ofisi moja ambayo sitaitaja. Likizo hii aliniita baada ya Isha, akaniomba nimwandikie barua ya tano.

Niliiandika. Mzazi akikuomba barua, unaandika. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Watu wamemwambia mengi mzee wetu. Majirani humtupia methali ile ya yaliyopita kutokuwa ndwele. Imamu wa mtaa amemkumbusha kadari mara nyingi, kwa nia njema. Nimeona uso wake kila anapoambiwa hivyo. Ni rahisi kumwambia mtu aachane na yaliyopita wakati nyumba yako wewe imesimama. Nikajiuliza kama kuna mtu aliyewahi kunyang'anywa kitu kikubwa kuliko nyumba, akakiacha kweli, na asibaki nusu mtu. Ndipo nikamkumbuka Nuhu Mbogo, ambaye tulisomeshwa habari zake muhula uliopita kwa haraka haraka, kurasa mbili tu, kisha tukavuka.

Mbogo alikuwa mtoto wa Kabaka Suuna wa Pili, na ndugu wa Mutesa wa Kwanza aliyetawala Buganda mpaka alipofariki mwaka 1884. Kuzaliwa mwana wa Kabaka zamani zile hakukuwa bahati tupu. Mfalme mpya akisimama, ndugu zake wa kiume waligeuka kuwa hatari kwa kiti chake, na wana wengi wa Suuna waliuawa ili Mutesa atawale bila hofu. Mbogo ni mmoja wa wachache waliobaki. Tukumbuke hilo tunapomsoma: huyu ni mtu aliyejua tangu ujana wake kwamba kiti kile kinakula watu.

Uislamu ulikuwa umefika Buganda siku za baba yake, ukiletwa na wafanyabiashara wa pwani. Mutesa aliupenda kwa muda, akafunga Ramadhan kwa miaka, akataka watu wake nao wafunge, lakini mwenyewe hakutahiriwa. Mwaka 1876 vijana wa kasri walipokataa kula nyama ya wachinjaji wake na kuswali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa, aliwaua, miaka kumi kabla ya wale mashahidi wa Kikristo ambao kila Mganda anawajua. (Siku ya mashahidi wa Kikristo ni sikukuu ya taifa, tarehe 3 Juni. Wa kwetu wa 1876 hatuwasomi hata sisi wenyewe. Lakini hayo ni makala mengine.) Mbogo alisilimu katika nyumba hiyo ya kifalme, akaitwa Nuhu.

Mutesa alipokufa akatawala mwanawe Mwanga. Mwaka 1888 Waislamu na Wakristo waliungana wakampindua, wakamweka ndugu yake Kiwewa. Wiki chache baadaye Waislamu wakawafukuza wenzao Wakristo, na Kiwewa alipokataa kutahiriwa wakamwondoa, wakamweka ndugu mwingine, Kalema, aliyekubali na kuitwa Rashid. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi Buganda ilikuwa na Kabaka Mwislamu. Wengi wetu tunapenda kuusimulia mwaka ule kama mwaka wa fahari. Mimi nimeacha kuusimulia hivyo. Kalema, kwa hofu ya kupinduliwa, aliwaua wana na mabinti wa kifalme, Kiwewa akiwa mmoja wao. Damu ile ilikuwa ya ndugu zake, na Mbogo, ami yake, aliiona ikimwagika.

Oktoba 1889 Wakristo wakamrudisha Mwanga. Waislamu walirudi mara moja wakauteka mji, wakafukuzwa tena, wakakimbilia kaskazini magharibi, Kijungute, karibu na mpaka wa Bunyoro, ambako Mukama Kabalega aliwaunga mkono. Huko Kalema alikufa kwa ndui mwaka 1890. Waislamu wakiwa wamebaki bila mfalme, uhamishoni, wakamchagua Mbogo.

Hapo ndipo maisha yake yanapoanza kunigusa. Kwa desturi ya Buganda, kiti hurithiwa na mwana wa Kabaka, si ndugu yake. Katika hali ya kawaida Mbogo asingekikaribia. Alikipata porini, katika kambi yenye njaa na ndui, kwa sababu wengine wote walikuwa wamekufa. Lakini wale waliomchagua walimwita Kabaka kwa dhati, na wakapigana kwa jina lake. Mei 1891 Kapteni Lugard wa kampuni ya Waingereza, akiwa pamoja na jeshi la Wakristo wa Buganda, aliwashinda vitani. Hawakuangamia, ila hawakuwa na pa kwenda.

Kutoka vita ile Lugard alikuja huku kwetu. Nasema kwetu kwa sababu wanafunzi wengi wa Kasese hawajui kwamba kisa cha Mbogo kinapita kwenye wilaya yao. Alielekea magharibi kupitia Ankole, akafika Katwe, kwenye ziwa la chumvi lililokuwa mikononi mwa watu wa Kabalega. Chumvi ya Katwe ilikuwa mali kubwa. Iliuzwa mbali sana. Akajenga ngome, akaiita Fort George, kati ya ziwa la chumvi na ziwa kubwa ambalo leo wavuvi wetu wanagawana na wa Kongo. Halafu akapita chini ya milima ya Rwenzori kuelekea kaskazini, akamrudisha Kasagama katika ufalme wa Toro, akavuka hadi Kavalli, karibu na Ziwa Albert. Alichokuwa akikitafuta huko ni askari: Wasudani wa Emin Pasha, waliobaki na kamanda wao Selim Bey baada ya Stanley kumchukua Emin kwenda pwani mwaka 1889. Waislamu hawa, pamoja na wake na watoto wao, ndio waliowekwa katika ngome za huku magharibi, na wazao wao tunawaita Wanubi. Nikipita Kikorongo ndani ya taksi, huwa naangalia upande wa Katwe na kuwaza kwamba adhana iliadhiniwa pale na watu waliotoka mbali kiasi hicho.

Selim Bey ana nafasi katika kisa hiki kwa sababu mwaka 1892, mambo ya Mengo yalipoharibika, yeye ndiye aliyekuwa mshenga. Januari mwaka huo Wakristo wa madhehebu mawili walipigana wenyewe kwa wenyewe, na Lugard akaona hawezi kuituliza nchi huku Waislamu wakiwa na Kabaka wao porini. Akawataka warudi kwa masharti. Wangepewa majimbo matatu ya kukaa: Busujju, Gomba na Butambala. Lakini nchi haiwezi kuwa na Makabaka wawili. Mbogo angelazimika kushuka.

Selim Bey alikwenda kwao kama Mwislamu anayezungumza na Waislamu, naye alimhakikishia Mbogo usalama wake. Mwezi wa Mei Mbogo aliingia Kampala na Lugard, akakutana na Mwanga, mtoto wa ndugu yake, aliyekuwa amekalia kiti ambacho watu wa Mbogo walikufa wakikidai. Akaacha kujiita Kabaka.

Nimeisoma sehemu hii mara nyingi kutafuta kama alilia, kama alikasirika, alisema nini kwa wake zake usiku ule. Sikupata. Nimebaki na matendo tu.

Laiti ingeishia hapo, ingekuwa hadithi nzuri ya mtu aliyesamehe akalipwa wema. Haikuishia hapo. Mwaka uliofuata, 1893, Waislamu walidai haki zaidi ya zile walizopewa, uvumi wa vita ukaenea, na Selim Bey akaonekana kusimama upande wao. Juni mwaka huo Kapteni Macdonald aliwanyang'anya Wasudani wa Kampala silaha, akamkamata Selim Bey. Mzee yule, ambaye alikuwa mgonjwa tayari, alipelekwa pwani akafia njiani. Waislamu wakapigwa, wakapoteza majimbo mawili kati ya matatu, wakabaki na Butambala. Mbogo mwenyewe alichukuliwa akapelekwa Zanzibar.

Ndugu msomaji, tulia hapa kidogo. Huyu alikuwa ameshakiacha kiti. Alikuwa ameshatimiza alichoahidi. Bado aling'olewa nchini kwake, na mtu aliyemdhamini akafa njiani, na ardhi waliyoahidiwa watu wake ikachukuliwa. Kama kuna mtu aliyekuwa na sababu ya kuhesabu dhuluma zake kila Jumamosi, ni huyu.

Alikaa Zanzibar mpaka 1895. Zanzibar ya wakati ule ilikuwa na Sultani, Hamad bin Thuwain, lakini tangu 1890 visiwa vilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, na Sultani hakuwa na neno la mwisho katika nyumba yake mwenyewe. Sijui kama Mbogo alikaa barazani akiyatazama hayo na kufikiri. Mimi ningefikiri. Ningeona Mwislamu mwenye kiti, bendera na askari, na kila asubuhi Mwingereza anaingia kumwambia la kufanya. Mwaka mmoja baada ya Mbogo kuondoka, Agosti 1896, Hamad alifariki, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, akakataa kutoka, na meli zao zikalipiga kasri makombora. Vita ile haikufika saa moja. Waliokufa walikuwa mamia.

Mbogo alirudi Buganda. Mtihani wake mkubwa kwangu si ule wa 1892, wakati alipokuwa ameshindwa na hana njia. Ni huu wa 1897, wakati njia ilipofunguka. Julai mwaka huo Mwanga aliasi, akakimbilia upande wa Wajerumani. Waingereza wakamweka mwanawe Daudi Chwa, mtoto mchanga. Halafu, Septemba, Wasudani walewale, wenye malipo duni na safari zisizokwisha, wakaasi, wakaja mpaka ngome ya Luba, Busoga, wakawaua maofisa wao wa Kizungu. Kabaka halisi hayupo. Kiti kina mtoto wa mwaka mmoja. Jeshi lenye bunduki, la Waislamu, limeasi. Na liko njiani likimtaka Mbogo.

Walimtaka awe mfalme wao. Wengi katika Waislamu wa Buganda wangemfuata. Damu ya ufalme alikuwa nayo, na madai yake yalikuwa na sababu nyingi kuliko ya wengi waliokalia kiti kile. Isitoshe, kisasi cha Selim Bey kilikuwa pale mkononi.

Alikataa. Akawazuia na watu wake.

Kuna wenzetu wanaosema alikataa kwa woga, au kwa sababu alikuwa ameshanunuliwa. Tusiikwepe hoja hiyo, kwa kuwa ina ushahidi wake. Katika Mkataba wa Buganda wa Machi 1900, jina la Mbogo limo. Alipewa maili za mraba 24 za ardhi, kwa ajili yake na wafuasi wake, pamoja na malipo ya pauni 250 kila mwaka maisha yake yote, kwa sharti kwamba haki nyingine zozote anazoweza kudai anaziacha. Majimbo ya Buganda katika mpango ule yalikuwa 20, na machifu wa Kiislamu walibaki na moja tu. Mengine waligawana Waprotestanti na Wakatoliki. Tangu hapo shule zikawa za misheni, na mtoto wa Kiislamu akawa na njia mbili, kukaa nyumbani au kusoma chini ya jina jipya. Babu zetu wengi waliishia kuwa wachinjaji, madereva na wachuuzi kwa sababu hiyo. Anayesema kwamba Mbogo aliuza kwa bei rahisi ana tarakimu za kuonyesha.

Muhula huu tumesoma mlango wa sulhu katika fiqhi ya miamala. Mwenye kudai anaweza kuachia sehemu ya haki yake kwa badali fulani ili ugomvi ukome, na mkataba huo ni halali, hauhesabiwi unyonge. Sharti lake ni kwamba usihalalishe haramu wala kuharamisha halali. Nilipousoma, niliuona mkataba wa Mbogo kwa jicho jingine. Tazameni alichoachia: jina la Kabaka, ambalo lilikuwa lake peke yake. Na tazameni ambacho hakukiachia: ardhi ya kuswalia na kuzika, uongozi wa Waislamu wote wa nchi, na watu wenyewe, ambao wangechinjwa pamoja naye kama angeitikia wito wa Luba. Aliacha kilichokuwa chake, akashika kilichokuwa cha wengine. Wengi wetu hufanya kinyume.

Mwanga je? Aliendelea kupigania kiti chake. Aprili 1899 alikamatwa pamoja na Kabalega, wakapelekwa visiwa vya Shelisheli, na huko Mwanga akafa mwaka 1903. Simcheki, alipigana na wavamizi, na kuna heshima katika hilo. Ila ninapowaweka hawa wawili pamoja, ami na mtoto wa ndugu yake, naona kwamba wote walipoteza kiti kilekile, na ni mmoja tu aliyebaki na kazi ya kufanya asubuhi.

Kazi hiyo Mbogo aliifanya zaidi ya miaka ishirini. Hakuna vita ndani yake, ndiyo maana vitabu huipita haraka. Waislamu walimwendea kwa mashauri yao, misikiti ikaongezeka, dini ikasambaa kutoka Butambala kwenda majimbo mengine na nje ya Buganda. Alifariki mwaka 1921. Uongozi ukamwangukia mwanawe Badru Kakungulu, aliyezaliwa 1907, kijana mdogo bado. Kabla hata machozi hayajakauka Waislamu wakagawanyika, wengine wakiswali Adhuhuri baada ya Ijumaa na wengine wakikataa, na mgawanyiko ule ukadumu miaka mingi. Ndipo ilipoonekana ni mambo mangapi yalikuwa yametulia kwa sababu mzee alikuwa hai. Kakungulu alipokua alitoa ardhi ya kilima cha Kibuli, na juu yake ukajengwa msikiti ule mweupe uliofunguliwa mwaka 1951, pamoja na shule. Kawempe kuna shule yenye jina la Mbogo mpaka leo. Baadhi yenu mmesoma huko, nanyi hamkujua mnaitwa kwa jina la nani.

Usiku mmoja kabla sijarudi chuoni, umeme ulikatika Bwera, tukakaa nje. Baba akaniuliza ninaandika nini siku zote katika daftari lile. Nikamsimulia Mbogo, kama nilivyowasimulia hapa, ila kwa Lhukonzo na kwa urefu zaidi. Sikumtaja yeye wala Kilembe. Alisikiliza kimya mpaka Zanzibar. Pale aliponiuliza kama Mbogo alipewa fidia ya yale majimbo mawili yaliyochukuliwa, nikamwambia hapana, sijaona popote. Akanyamaza tena.

Nikaona nimalizie na Maka, kwa sababu yeye ni mzee wa msikitini na hiyo anaijua kuliko Mengo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipouteka mji aliozaliwa, aliulizwa kama atashukia nyumbani kwake. Akaeleza kwamba Akil, mtoto wa ami yake, hakuwaachia nyumba. Ziliuzwa walipokuwa Madina. Jeshi la maelfu lilikuwa nyuma yake siku ile, na hapakuwa na mtu wa kumzuia kuirudisha nyumba yake kwa neno moja. Akapigiwa hema. Baba alikuwa anakijua kisa hicho. Alinisahihisha hata mahali ambapo hema lilipigwa, kisha akasema amechoka, akaingia ndani.

Sikumwambia aache kwenda Kilembe. Dai lake ni la haki, na barua ya tano niliipeleka kwa mkono wangu. Nilichotaka kumwambia ni kwamba dai linaweza kukaa ndani ya mfuko wa plastiki, nasi tukakaa ndani ya nyumba. Sikuthubutu. Kwetu mtoto hamwambii baba hivyo, na labda ndiyo sababu nimewaandikia ninyi.

Jumamosi iliyofuata aliondoka alfajiri kama kawaida. Mimi nilikuwa nafunga mizigo. Kwa kawaida hurudi magharibi, mikono mitupu, nguo zimejaa vumbi. Siku ile alirudi alasiri, na kondakta wa taksi alikuwa akimsaidia kushusha kitu kutoka juu ya gari. Ulikuwa mlango wetu wa chuma, ule wa mbele. Mto ulikuwa umeukunja upande mmoja na kuuzika nusu kwenye mchanga, na miaka yote hii alikuwa hajaruhusu mtu auguse. Aliwalipa vijana wa kokoto wakamchimbulia.

Ameuegemeza kwenye matofali ya kaka. Hakutuambia ni wa nini, na mama alitukonyeza tusiulize. Jana kaka amenipigia simu kutoka Mpondwe: mzee ameazima nyundo, na tangu asubuhi anaunyoosha.